Kinga ya sato: seli zinazomeza bakteria, na mahali zinapokwama

Sato anayeogelea kwa kuzunguka, jicho limetoka nje na mwili umepinda, ana bakteria kwenye ubongo. Mara nyingi bakteria huyo ni Streptococcus agalactiae, ambaye ameua sato wa kufugwa China, Thailand, Brazil na, hapa hapa Afrika, kwenye vizimba vya Ziwa Volta nchini Ghana. Mfugaji akiona dalili hizo huuliza bakteria ametokea wapi. Ni swali la haki, ila halimsaidii sana, kwa kuwa bakteria huyu anaweza kukaa ndani ya samaki wanaoonekana wazima kwa muda mrefu bila kuua hata mmoja. Swali lenye faida ni jingine: seli zilizopaswa kummeza siku ya kwanza zilikuwa na shida gani?

Figo ya mbele

Mpasue sato wa gramu 300, ondoa utumbo na kibofu cha hewa, utaona utepe mwekundu mzito umeng'ang'ania chini ya uti wa mgongo. Hiyo ni figo. Sehemu yake ya nyuma huchuja damu na kutengeneza mkojo. Sehemu ya mbele, iliyo jirani na kichwa, kwa samaki aliyekua haishughuliki na mkojo. Inazalisha seli za damu. Kwa binadamu kazi hiyo hufanyika ndani ya uboho wa mifupa, lakini mifupa ya samaki haina uboho wa kuzalisha damu. Samaki hana pia tezi za limfu, zile zinazovimba kwapani au kinenani mtu akiwa na kidonda. Karibu mzigo wote wa kuzalisha seli za kinga na kuzikutanisha na vijidudu umeangukia figo ya mbele na wengu. Tezi ya thaimasi, iliyo juu ya chumba cha mashavu (viungo vya kupumulia vya samaki) pande zote mbili, inalea limfositi, aina ya seli nyeupe, za kundi T na kuziachia mwilini.

Jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa ni kwamba ndani ya figo hiyo hiyo ya mbele, zikiwa zimezunguka mishipa ya damu, zipo seli zinazotoa kortisoli, homoni ya mfadhaiko. Kwetu binadamu homoni hiyo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, mbali na uboho. Kwa samaki, seli za mfadhaiko na seli mama za kinga zinaishi nyumba moja, kuta hazipo. Samaki akishtuka, homoni inamwagika palepale seli za kinga zinapozaliwa, kabla hata ya kuenea mwilini. Mengi yanayoharibika kizimbani yanaanzia hapo.

Kabla ya seli kuna ute

Ngozi yetu juu ina tabaka la seli zilizokufa na kukauka. Ngozi ya samaki ni hai mpaka juu kabisa, na juu yake kuna ute tu. Ute huo una lisozimi, kimeng'enya kinachotoboa kuta za bakteria, una peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazoua vijidudu, na una kingamwili, protini zinazotengenezwa kumshika kijidudu fulani. Pia unachuruzika muda wote, hivyo bakteria aliyenasa anasombwa kabla hajajishikiza. Mkono mkavu unaomshika samaki, au wavu wenye mafundo, unaondoa ute na magamba kwa mpigo mmoja na kuacha ngozi hai ikigusana na maji. Ndiyo maana watu wa kazi hii hulowesha mikono na kutumia kimia kisicho na mafundo.

Mashavu ni hatari zaidi kuliko ngozi. Ili oksijeni ipite, ukuta kati ya maji na damu lazima uwe mwembamba sana, mikromita chache tu. Njia ya tatu ya kuingilia ni utumbo, na kwa S. agalactiae ni njia kubwa: sato mzima akidonoa mzoga wa mwenzake aliyekufa kwa ugonjwa huo, anameza bakteria kwa mamilioni.

Dakika 20 za kwanza

Tunayoyajua kuhusu hatua za mwanzo hayakutokana na sato. Yalitokana na samaki mdogo mwenye mistari, Danio rerio, anayeitwa samaki pundamilia, asili yake Asia Kusini. Kiluwiluwi chake ni angavu: unamweka chini ya hadubini akiwa hai na kumwona ndani kote. Watafiti wamembadilisha jeni ili neutrofili na makrofaji zake, aina mbili za seli nyeupe zinazomeza bakteria, ziwake kijani na nyekundu, kisha wakakaa kutazama zikifanya kazi. Kuna faida nyingine. Katika wiki nne za mwanzo, zaidi kidogo au pungufu, limfositi zake bado hazijawa tayari, hivyo anachokionyesha ni kinga ya kuzaliwa nayo peke yake, bila msaada wa kingamwili zake mwenyewe.

Mwaka 2009 jaribio moja kwenye mkia wa kiluwiluwi hicho lilijibu swali la zamani: seli nyeupe zinajuaje kwamba kuna jeraha mahali fulani? Seli za ngozi zilizo ukingoni mwa jeraha hutoa haidrojeni peroksaidi, kemikali ile ile inayouzwa dukani kwa kusafishia vidonda. Kemikali inasambaa ndani ya mkia, nyingi karibu na jeraha na chache kadiri unavyokwenda mbali, na kufikia kilele baada ya takriban dakika 20. Seli nyeupe zinafuata upande ulio mwingi. Zinaanza kufika kabla bakteria hajapata nafasi ya kuongezeka.

Wa kwanza kufika kwa wingi ni neutrofili. Zina mwendo wa haraka, zina vifuko vilivyojaa vimeng'enya vikali, na maisha yake ni mafupi. Zikizidiwa na bakteria, baadhi hupasuka kwa makusudi na kutupa nje nyuzi zao za DNA, na bakteria wananasa humo pamoja na vimeng'enya vya kuwaua. Jambo la kushangaza lililoonekana kwa samaki pundamilia mwaka 2006 ni kwamba neutrofili nyingi zikimaliza kazi haziishii pale kwenye jeraha. Zinageuka na kurudi zilikotoka. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba zote hufia kazini.

Makrofaji ni wazito zaidi na wanadumu. Baadhi wanaishi ndani ya tishu muda wote, wengine wanatoka kwenye damu. Wanameza bakteria, wanameza pia neutrofili zilizokufa, na wanatoa saitokaini, yaani protini za kuita seli nyingine na kupandisha uvimbe. Mwanasayansi Ilya Mechnikov aliona tabia hii ya kumeza kwa mara ya kwanza mwaka 1882 mjini Messina, Italia, alipochoma mwiba ndani ya kiluwiluwi angavu cha kiti cha pweza na kuona seli zikiuzunguka. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Kwa hiyo elimu hii yote ilianzia kwa mnyama wa majini, na kila ikikwama imekuwa ikirudi majini.

Kumeza ni hatua, si tendo moja

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo bakteria anapopenyeza hila zake.

Kwanza makrofaji lazima imtambue bakteria. Juu ya utando wake kuna vipokezi vinavyoshika molekuli ambazo bakteria anazo na samaki hana. Samaki ana aina nyingi za vipokezi hivi kuliko sisi, lakini kile ambacho binadamu hukitegemea kutambua sumu ya kuta za bakteria wa kundi la Gram hasi (moja ya makundi mawili makuu ya bakteria), aina nyingi za samaki hazina kabisa, na kwa wenye nacho hakifanyi kazi kama kwetu. Ndiyo sababu samaki huvumilia kiasi cha sumu hiyo ambacho kingemuua mtu.

Pili, bakteria lazima apakwe alama. Kazi hii hufanywa na protini za damu za mfumo wa komplementi, hasa ile iitwayo C3, ambayo hujibandika juu ya bakteria. Makrofaji ina vipokezi vya C3, na bakteria aliyepakwa humezwa haraka kuliko asiyepakwa. Komplementi ya samaki ina nguvu, inafanya kazi hata kwenye maji baridi, na C3 yake huja kwa aina zaidi ya moja.

Tatu, utando wa makrofaji unamzunguka bakteria na kumfungia kwenye kifuko. Kifuko kinaunganishwa na vifuko vya vimeng'enya, asidi inapanda, madini ya chuma ambayo bakteria anayahitaji yanaondolewa. Wakati huo huo kimeng'enya kilicho kwenye ukuta wa kifuko kinachukua oksijeni ya kawaida na kuigeuza kuwa aina kali zinazochoma protini na utando wa bakteria. Kumbuka neno hilo, oksijeni. Ni ile ile anayoivuta samaki kutoka majini.

Sasa mtazame S. agalactiae. Amejivika koti la sukari lenye asidi ya sialiki, sukari ambayo seli za samaki mwenyewe zinayo. C3 haijibandiki vizuri juu ya koti hilo, kwa hiyo hatua ya pili inakwama. Akimezwa hata hivyo, anaweza kuishi ndani ya makrofaji kwa muda badala ya kufa. Makrofaji hutembea, huingia kwenye damu na kufika kila mahali, na inaaminika kuwa hiyo ni mojawapo ya njia zinazomfikisha bakteria kwenye ubongo. Huko anasababisha uvimbe wa utando wa ubongo, na samaki anapoteza usawa. Kuzunguka unakokuona kunatokana na bakteria pamoja na uvimbe unaoletwa na kinga yenyewe.

Kuna bakteria mwingine anayelitumia tumbo la makrofaji kwa ustadi zaidi. Mycobacterium marinum, ndugu wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu, alitambuliwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki waliokufa kwenye hifadhi ya samaki ya Philadelphia. Huyu hujenga vinundu kwenye wengu, figo na ini: makrofaji zinajikusanya kumzunguka, zinashikana, zinakuwa ukuta. Kwa miaka mingi vinundu hivyo vilisomwa kama gereza ambalo mwili unamfungia bakteria. Kwa samaki pundamilia ilionekana vingine. Makrofaji yenye bakteria ikifa, makrofaji mpya zinakuja kuila maiti, zinabeba bakteria waliokuwamo, nazo zinaondoka. Kinundu kichanga ni mahali bakteria anapogawiwa wenyeji wapya.

Utafiti huo, ambao jina la mtafiti Lalita Ramakrishnan haliwezi kuachwa ukiutaja, ulionyesha pia kwamba uvimbe una kipimo chake. Saitokaini iitwayo TNF ikiwa kidogo, makrofaji hazimudu kuua, bakteria wanajaa ndani hadi zinapasuka. Ikiwa nyingi kupita kiasi, makrofaji zinaua kwa kishindo na kujiua pia, na bakteria waliobaki wanaachwa huru nje ambako wanakua vizuri zaidi. Matokeo yanafanana ingawa chanzo ni kinyume. Anayetangaza dawa ya "kupandisha kinga" bila kusema kiasi na muda angefaa aulizwe kuhusu hili.

Bakteria huyo humpata mtu pia, kupitia mikwaruzo ya mikono, na huleta vinundu vya ngozi vinavyochukua miezi kupona. Hupenda joto la karibu nyuzi 30, ndiyo maana hubaki mikononi na ni nadra kuingia ndani ya mwili. Anayepasua samaki kila siku avae glavu.

Limfositi zinazomeza

Kwa muda mrefu vitabu viligawa kazi hivi: makrofaji na neutrofili humeza, limfositi B hutengeneza kingamwili, basi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba limfositi B za samaki, kwa mfano trauti, humeza bakteria na kuwaua ndani yake. Kwa kuwa B ni sehemu kubwa ya seli nyeupe za damu ya samaki, hili si jambo la pembeni. Baadaye uwezo kama huo ulipatikana kwa baadhi ya limfositi B za panya.

Kingamwili kuu ya damu ya samaki ni IgM, iliyoundwa na vipande vinne vilivyoungana, wakati ya binadamu ina vitano. Mwaka 2005 iligunduliwa nyingine, IgT, na mwaka 2010 ikathibitika kuwa hiyo ndiyo inayosimamia utumbo, kisha ngozi na mashavu. Samaki hana IgG. Kingamwili zake huongezeka ubora kidogo tu kadiri muda unavyokwenda, na kumbukumbu yake ya ugonjwa ni dhaifu kuliko ya ng'ombe au mtu. Ukilinganisha, samaki anaegemea seli zinazomeza kuliko mamalia. Chewa wa Atlantiki (cod) amekwenda mbali zaidi: jenomu yake iliposomwa mwaka 2011 ilikutwa imepoteza jeni za mfumo mzima ambao kwa kawaida huziambia limfositi za kusaidia ni adui gani ameingia. Bado anaishi baharini kwa mamilioni.

Joto ndilo linaloamua kasi ya yote haya. Wafugaji wa samaki wa jamii ya salmoni hutumia hesabu ya siku zidisha nyuzi: kinga ya chanjo huhesabiwa imekamilika baada ya nyuzi-siku 400 hadi 500. Kwenye maji ya nyuzi 10 hiyo ni siku 40 hadi 50. Sato, kwenye maji ya nyuzi 27, kwa kawaida huhitaji wiki mbili hadi nne kutengeneza kingamwili za kutosha. Ugonjwa mkali wa S. agalactiae huua ndani ya siku chache, kwa hiyo samaki ambaye hajawahi kuchanjwa hana muda wa kusubiri kingamwili. Seli zinazomeza zikishindwa, basi.

Virusi ni kesi tofauti na sitaingia sana. Kinga kuu ya mwanzo dhidi yake ni interferoni, protini zinazozuia seli jirani zisitumiwe na virusi. Hata seli nyekundu za damu za samaki, kwa kuwa zina kiini tofauti na zetu, zinashiriki kuitikia virusi. La kukumbuka ni virusi kama ISKNV, vilivyoingia vizimba vya Ziwa Volta mwaka 2018: vinashambulia wengu na figo, yaani kiwanda chenyewe cha kinga. Bakteria anayekuja nyuma yake hukuta mlango wazi.

Kwa nini kizimbani

Sato ni mvumilivu, na uvumilivu wake ndio unaomdanganya mfugaji. Anaweza kuishi kwenye maji yenye miligramu 1 ya oksijeni kwa lita kwa saa kadhaa. Ila makrofaji yake haiwezi kutengeneza kemikali za kuua bakteria bila oksijeni. Samaki anapona usiku huo, na siku chache baadaye anaanza kuzunguka, mfugaji naye hakumbuki tena ule usiku.

Fanya hesabu ya Ziwa Victoria. Liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji ya nyuzi 27 yaliyoshiba hewa kabisa yana karibu miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita. Hapo hujaweka samaki, mwani unaopumua usiku, chakula kilichozama chini ya kizimba, wala wavu ulioziba kwa uchafu. Lengo liwe kubaki juu ya miligramu 5 na kutoruhusu ishuke chini ya 3. Pima alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana ndio wakati oksijeni huwa chini kabisa. Kipimo cha saa nane mchana kitakupa namba nzuri isiyokusaidia.

Joto linaongeza tatizo pande zote mbili. Milipuko ya Streptococcus hujitokeza zaidi maji yakipita nyuzi 27 au 28: bakteria anakua haraka, maji yanabeba oksijeni kidogo, na samaki anahitaji oksijeni zaidi.

Halafu kuna kortisoli. Ukichambua samaki kwa ukubwa, ukiwahamisha au ukiwabana, homoni hupanda ndani ya dakika chache. Mshtuko mfupi si mbaya sana. Unaweza hata kuzitoa seli nyeupe kutoka kwenye maghala yake. Msongamano wa wiki nyingi, au mishtuko inayofuatana, ndio unaoua limfositi na kupunguza makali ya makrofaji. Vifo vikianza siku tatu hadi kumi baada ya kuchambua samaki, usianze kwa kulaumu vifaranga. Angalia kazi ilivyofanyika. Sitisha chakula saa 24 kabla. Kwenye bwawa usifanye kazi alfajiri, ingawa ni baridi, kwa sababu oksijeni iko chini. Anza jua likishapanda kidogo na umalize kabla ya joto la mchana. Wakati wa kusafirisha, chumvi gramu 3 hadi 5 kwa lita hupunguza kazi ya mwili ya kusawazisha chumvi na maji.

Mlipuko ukishaanza, kupunguza au kusimamisha chakula kwa siku chache hupunguza vifo, na watu hushangaa kusikia hivyo. Samaki anayemeng'enya chakula anatumia oksijeni zaidi, na kugombea chakula kunaeneza bakteria. Toa mizoga kila siku, asubuhi na jioni. Dawa iliyochanganywa kwenye chakula huliwa na wazima. Mgonjwa ameshaacha kula.

Kusoma damu

Seli hizi unaweza kuziona mwenyewe ukiwa na hadubini ya kawaida ya zahanati. Mlaze samaki kwa mafuta ya karafuu, mililita 0.05 hadi 0.1 kwa lita ya maji, yakiwa yamechanganywa kwanza na spiriti sehemu tisa kwa moja, la sivyo hayatachanganyika na maji na yatamchoma mashavu. Samaki huyo asiuzwe. Tumia sindano ya mililita 1 iliyopakwa heparini, dawa inayozuia damu isigande. Ingiza nyuma ya pezi la mkundu, katikati ya upande wa chini wa mkia, ukielekea uti wa mgongo mpaka uuguse, kisha rudisha nyuma kidogo na uvute taratibu. Mililita 0.3 kwa samaki wa gramu 200 inatosha na haitamdhuru.

Tandaza tone kwenye kioo mara moja, acha likauke hewani, zamisha kwenye methanoli dakika 5, paka rangi ya Giemsa iliyozimuliwa moja kwa kumi dakika 20 hadi 30, suuza. Kwa lenzi ya mara 100 na mafuta, hesabu seli nyeupe 200.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupeleka damu kwenye mashine ya hospitali ya kuhesabu seli. Mashine hiyo imetengenezwa kwa damu ambayo seli nyekundu hazina kiini. Ikikutana na seli nyekundu za samaki, zenye umbo la yai na kiini katikati, inazihesabu kama nyeupe na kukupa namba za ajabu. La pili ni kuchanganya limfositi ndogo na seli za kugandisha damu, ambazo kwa samaki nazo zina kiini. Hizo huwa ndefu kidogo, ncha zimechongoka, na hukaa kwa makundi.

Kwa sato mzima limfositi ndizo nyingi. Neutrofili zikipanda huku limfositi zikishuka, mara nyingi kortisoli imekuwa juu kwa muda, hata kama samaki anakula vizuri. Usitafute namba ya kulinganisha kwenye vitabu. Linganisha na samaki wazima wa shamba lako waliopimwa msimu mtulivu. Ukiona ndani ya makrofaji au monositi (makrofaji changa iliyo bado kwenye damu) vidoti vya zambarau vilivyopangika kwa jozi au mnyororo, kuna uwezekano mkubwa huo ni Streptococcus ukiwa tumboni mwa seli, na kundi zima lipo hatarini.

Chakula na chanjo

Samaki wengi, sato akiwemo, hawawezi kujitengenezea vitamini C, na seli nyeupe zinaihitaji kujilinda na zile kemikali kali zinazozitoa zenyewe. Sato huhitaji angalau miligramu 50 kwa kilo ya chakula, katika umbo la fosfati lisiloharibika upesi. Vitamini ya kawaida huanza kupotea tangu chakula kinapotengenezwa kwa joto, na gunia lililokaa juani miezi miwili halina kitu.

Beta-glukani, sukari ya kuta za hamira, hushikwa na vipokezi vya makrofaji na kuziamsha. Kiasi kinachotumika mara nyingi ni takriban gramu 1 kwa kilo ya chakula kwa wiki mbili hadi nne, kabla ya msimu wa joto au kabla ya kuhamisha samaki. Ikitolewa mwaka mzima mwitikio huchoka. Hamira ya kuokea mikate haifanyi kazi sawa, kwa sababu glukani yake imefunikwa na tabaka jingine la protini na sukari.

Chanjo imeshaleta mabadiliko makubwa kwingine. Norwe ilitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki mwaka 1987. Baada ya chanjo za sindano kuenea, matumizi yalianguka hadi sehemu ndogo sana ya hapo wakati uzalishaji wa salmoni ukipanda mara nyingi. Kwa sato, chanjo za Streptococcus huchomwa ndani ya tumbo, karibu na mapezi ya chini, kwa samaki wa kuanzia gramu 15 hivi. Kifaranga wa chini ya gramu 1 bado hana limfositi zilizokomaa vya kutosha kuikumbuka.

Chanjo hushindwa kwa sababu tatu za kawaida: samaki walishaambukizwa kabla ya sindano, waliingizwa kwenye kizimba chenye ugonjwa kabla ya wiki mbili kupita, au lile koti la sukari la bakteria aliye kwenye chanjo si la aina iliyoko shambani. Kwa samaki, aina za koti zinazoripotiwa zaidi ni Ia, Ib na III, na kingamwili ya moja hailindi vizuri dhidi ya nyingine. Kwa hiyo kabla ya kununua chanjo, maabara itenge bakteria wako na kutaja aina yake. Wapelekee samaki watano walio hai wenye dalili, au waliokufa mbele ya macho yako, miili ikiwa bado haijapasuliwa, kwenye barafu iliyotengwa na mwili kwa mfuko, ndani ya saa 24. Usiwagandishe. Waombe wachukue sampuli kwenye ubongo na kwenye figo ya mbele, si kwenye utumbo, ambao umejaa bakteria wasiohusika.